Daftari la Simu na Hifadhi ya Moyo: Programu Ipi Imfae Mwanafunzi?

Mwezi wa Shaaban uliopita, baada ya swala ya Isha, mama mmoja wa mtaani kwetu alinisubiri kwenye ngazi za msikiti, upande wa akina mama. Alikuwa ameishika simu yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba amana ya watu.

"Ustadh," akaniambia, "binti yangu anataka nimwekee programu ya kusomea. Kaka yake anasema hiyo haifai, kuna nyingine. Mimi simu ninayo hii moja, ndiyo ya biashara, ndiyo ya kupokelea fedha, na nafasi yake imekwisha. Nitajie ipi, niiweke hiyo, nipumzike."

Nilimjibu upesi mno. Nilimtajia programu ya kuandikia nukuu ambayo nilikuwa nikiitumia mwenyewe katika kazi za kamati, yenye kurasa nzuri, rangi, vichwa vya habari na mahali pa kubandika picha. Binti yule yuko Kidato cha Tatu na ni mwenye bidii. Kwa miezi kadhaa alihamishia humo nukuu zake za Baiolojia na Historia, akazipanga kwa rangi na kupiga picha michoro yote ya daftarini. Mama yake alinionyesha, nami nikakiri kuwa zilipendeza. Mtihani wa muhula ulipokuja, alama za Baiolojia zilishuka chini ya zile za muhula uliotangulia. Mama alipomuuliza kulikoni, alijibu neno ambalo limenikaa rohoni hadi leo: "Mama, nilijua mahali jibu lilipo, lakini jibu lenyewe sikulijua."

Makala hii ni deni la jawabu langu lile la haraka. Wazazi wengi wamekuwa wakiniuliza swali hilohilo, na kila mmoja hutaja majina mawili au matatu aliyoyasikia kwa watoto, akitaka nimchagulie moja. Hata hivyo, kabla ya kuuliza programu ipi, yapasa tuulize programu ya kazi gani. Mwanafunzi ana kazi mbili ambazo tumezoea kuzichanganya. Ya kwanza ni kuandika, yaani kuiweka elimu nje ya kichwa ipate kupatikana baadaye. Ya pili ni kukumbuka, yaani kuiweka ndani ya kichwa ipatikane hata pasipo daftari. Programu nyingi zinazosifiwa kuwa ni za kusomea hufanya kazi ya kwanza tu, na huifanya kwa uzuri unaomfanya mtoto aamini kuwa ya pili nayo imekwisha fanyika.

Waliopita vyuo vya dini wanakijua kisa cha Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111 Miladia. As-Subki amekitaja katika Tabaqat yake. Katika ujana wake Ghazali alitoka kwao Tus akaenda Jurjan kutafuta elimu, akayaandika aliyoyasikia kwa mwalimu wake, kisha akashika njia ya kurudi. Njiani wakavamiwa na wanyang'anyi, wakachukua kila walichokuwa nacho. Ghazali akamfuata mkubwa wao akimsihi amrudishie yale makaratasi tu, kwani wao hawana haja nayo, na ndiyo elimu aliyoihamia. Yule mnyang'anyi akacheka, akamhoji vipi anadai kuijua elimu hiyo, na hali wao wameichukua naye akabaki mtupu. Kisha akaamuru arudishiwe mali yake. Ghazali alipofika Tus alikaa miaka 3 akiyahifadhi yote aliyoyaandika, hata akawa hana tena hofu ya kunyang'anywa elimu yake.

Kisa hicho nilikisoma chuoni nikiwa kijana, nikakisifu, kisha nikaendelea kuweka nukuu zangu zote za Usul-l-Fiqh ndani ya simu bila nakala ya akiba. Simu ile ilichopolewa mfukoni mwangu ndani ya daladala. Mwizi wangu hakuwa na hekima ya yule wa njia ya Jurjan, wala hakurudisha kitu.

Binti wa mama yule hakuibiwa chochote. Nukuu zake zilikuwa salama salimini, na pengine hilo ndilo lililomponza. Kila alipozifungua alizisoma tena, na kila alipozisoma aliona maneno anayoyafahamu, moyo wake ukatulia. Utulivu huo una udanganyifu ambao umekwisha pimwa. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi kwa kutumia vifungu vifupi vya habari. Baadhi ya vifungu wanafunzi walivisoma na kuvirudia kuvisoma. Vingine walivisoma mara moja, kisha wakafunika na kujaribu kuandika wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, vile vilivyosomwa mara mbili vilikumbukwa kwa asilimia 81, na vile vya kujipima kwa asilimia 75. Walipopimwa baada ya juma moja, mizani ilipinduka: kusoma mara mbili kuliacha asilimia 42, kujipima kukaacha asilimia 56. Mzazi anayemwona mwanawe akisoma nukuu usiku wa kuamkia mtihani anaona zile dakika 5. Mtihani wa taifa hauko baada ya dakika 5.

Upande wa pili wa jambo hili ni muda. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo yake mwaka 1885. Aliona kuwa kusahau huja kwa kasi mwanzoni kisha hupunguza mwendo, na kwamba kurudia mara 38 kulikogawanywa katika siku tatu kulimfaa sawa na kurudia mara 68 kulikorundikwa pamoja. Katika miaka ya 1970, mwandishi wa habari Sebastian Leitner aliligeuza jambo hilo kuwa sanduku lenye vyumba. Unaandika swali mbele ya kadi na jibu nyuma. Kadi unayoipata inasogea chumba cha mbele, ambacho hufunguliwa mara chache zaidi; unayoikosa hurudi chumba cha kwanza, ambacho hufunguliwa kila siku. Kisha Mpolandi Piotr Woźniak akaikabidhi kompyuta kazi ya kupanga siku, na programu yake ya SuperMemo ikatoka mwaka 1987.

Nilipomsimulia haya mzee mmoja wa kamati yetu hakustaajabu hata kidogo. Alinikumbusha ubao wa chuoni enzi za utoto wao. Mwalimu akiandika, mtoto akisoma mpaka aweze, kisha ubao ukioshwa ili uandikwe darsa jipya. "Ubao ukishaoshwa," alisema, "kilichobaki ni kile ulichonacho wewe." Na kila mwenye kuhifadhi Qur'ani anajua kuwa hifadhi mpya haimtoi katika muraja'a ya zamani. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliifananisha hali ya mwenye kuhifadhi na ya mwenye ngamia waliofungwa, ambao akiwaangalia hubaki naye na akiwaachia huenda zao. Hata hivyo sisemi kuwa hifdhi ihamishiwe kwenye simu. Matamshi na tajwidi havipokelewi ila kwa sikio la mwalimu, na simu haina sikio hilo. Nasema tu kwamba familia zetu zina desturi ya kale ya kudurusu, na ni ajabu kuwa tumeiacha mlangoni mwa madrasa, mtoto akienda sekondari anasoma kana kwamba hajapata kuisikia.

Sasa nije kwenye programu zenyewe. Za kuandikia ni nyingi. Google Keep ni ya bure na nyepesi, yafaa kwa vijikaratasi vya hapa na pale, si kwa somo zima. OneNote na Notion zina uwezo mkubwa, lakini ndizo zinazomwalika mwanafunzi kupamba. Evernote ilikuwa mashuhuri sana, ila tangu mwishoni mwa mwaka 2023 anayeitumia bila malipo amewekewa ukomo wa nukuu 50, idadi ambayo mwanafunzi wa masomo tisa huimaliza mapema. Iliyonivutia mimi katika kundi hili ni Obsidian, kwa sababu huweka kila nukuu kama faili la maandishi ya kawaida ndani ya kifaa chako mwenyewe. Hata programu ikitoweka kesho, faili zako zitasomeka kwa programu nyingine yoyote ya maandishi. Kuioanisha kati ya vifaa viwili kwa huduma yao wenyewe ndiko kunakolipiwa.

Kwa mwanafunzi wa sekondari mwenye daftari, hata hivyo, sioni haja ya programu ya nukuu kabisa. Daftari halihitaji bando wala chaji, na mwalimu hulisahihisha. Chuo kikuu ni habari nyingine, kwani huko kuna vitabu vya kielektroniki na mihadhara ya kurekodiwa. Mtoto wa Kidato cha Tatu anayehamishia daftari lake kwenye simu anafanya kazi moja mara mbili, na mara zote mbili ni ile kazi ya kwanza.

Kwenye kazi ya pili majina yanayotajwa sana ni mawili. Quizlet ilianzishwa mwaka 2005 na Andrew Sutherland, mwanafunzi wa shule huko California aliyekuwa na umri wa miaka 15, akitaka kuhifadhi maneno ya Kifaransa. Ina sura ya kupendeza, na maswali yaliyotungwa na wengine ni mengi mno. Lakini baadhi ya njia zake za kujifunzia zilizokuwa bure zimehamishiwa kwa wanaolipia, na manufaa yake mengi hutaka intaneti.

Ya pili ni Anki, neno la Kijapani lenye maana ya kuhifadhi moyoni, iliyotolewa mwaka 2006 na Damien Elmes. Huwa natahadharisha mapema kuwa sura yake haivutii. Anayeifungua mara ya kwanza hudhani ameweka kitu kilichoharibika. Kwenye kompyuta ni bure. Kwenye simu za Android hupatikana kwa jina la AnkiDroid, iliyotengenezwa na watu wanaojitolea, nayo ni bure pia. Kwenye iPhone hulipiwa mara moja, kama dola 25. Zipo programu nyingine zenye majina yanayokaribiana nayo ambazo si za watu hao, na baadhi hutoza kila mwezi. Kwa hiyo mzazi alitazame jina vizuri kabla ya kubonyeza. Ikishawekwa, hufanya kazi pasipo intaneti. Jambo hilo kwa mama wa mtaani kwetu lilikuwa na uzito kuliko mengine yote, maana data ikizimwa, ujumbe wa WhatsApp nao hauingii katikati ya darsa.

Utendaji wake ni ule wa sanduku la Leitner. Mwanafunzi huliona swali, hujaribu kujibu, hufunua, kisha hujihukumu mwenyewe kwa kubonyeza kimoja kati ya vitufe vinne, kuanzia aliyekosa hadi aliyeona ni rahisi. Kadi aliyoikosa humrudia baada ya dakika chache. Aliyoipata humrudia kesho, kisha baada ya siku kadhaa, baadaye baada ya majuma na miezi, muda ukirefuka kila anapopata na kukatika anapokosa. Hakuna anayemsimamia. Akibonyeza kitufe cha kupata na hali amekosa, amejidhulumu peke yake.

Ugumu hauko kwenye vitufe bali kwenye kutunga kadi. Binti yule alipoanza aliandika mbele "Eleza mfumo wa damu", na nyuma akabandika ukurasa mzima. Kadi ya namna hiyo haijibiki. Mtu huitazama nusu akaiacha. Tukaivunja. Damu inayotoka mapafuni huingia chumba kipi cha moyo? Chumba cha juu cha kushoto. Ni mshipa gani unaoipeleka huko? Vena ya mapafu. Kwa nini ukuta wa chumba cha chini cha kushoto ni mnene kuliko wa kulia? Kwa sababu ndicho kinachoisukuma damu mwilini kote, na cha kulia huisukuma hadi mapafuni tu. Ukurasa mmoja ukazaa kadi tisa, na alipokuwa akizitunga aliligundua jambo ambalo ule ukurasa wa rangi haukumfichulia: mawili kati ya hayo hakuwa amepata kuyaelewa.

Hapa pana tatizo letu mahususi. Masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na watoto wengi hunakili ubaoni sentensi wasizozielewa. Sentensi isiyoeleweka ikiwekwa kwenye kadi inarudi kila siku ileile, na mtoto atakuwa kasuku hodari. Kwa hiyo tulikubaliana kanuni moja: nyuma ya kadi, chini ya jibu la Kiingereza, aandike mstari mmoja wa Kiswahili kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa kuuandika, kadi haiingii. Swali linapelekwa kwa mwalimu kwanza. Kwa sababu hiyohiyo siwashauri watoto kupakua mafurushi ya kadi yaliyotungwa na watu wa nchi nyingine. Mitaala hailingani, na kule kutunga ni sehemu ya kusoma.

Kisha kuna tamaa. Programu huanza na kadi mpya 20 kwa siku isipobadilishwa, na kijana mwenye shauku huona hizo ni chache. Lakini kila kadi mpya leo ni deni la marudio kesho na keshokutwa. Akikosa siku nne anakuta mamia yanamngoja, anakata tamaa, anaifuta. Nimewaona watatu katika darasa letu la jioni waliofanya hivyo. Kadi mpya 5 kwa siku zinatosha, kwani katika siku 200 ni kadi 1,000 kamili.

Wala kadi si dawa ya kila somo. Hisabati hukaa kichwani kwa kufanya maswali kwa kalamu, na insha kwa kuandika insha. Kadi yaweza kumkumbusha kanuni, lakini haitamfundisha wakati wa kuitumia.

Nilimrudia mama yule, nikamwomba radhi kwa ushauri wangu wa kwanza, na ile programu ya rangi ikaondolewa kupisha nafasi. Mchana simu ni ya biashara. Baada ya Isha data huzimwa, na binti huwa nayo kwa dakika 20, akiwa amekaa sebuleni pamoja na mama yake wala si chumbani. Mdogo wake wa darasa la sita naye alitaka. Kwa kuwa simu ni moja, alitengenezewa sanduku la viatu lenye vigawanyo vitano na kadi za karatasi ya manila. Masomo yake ni ya Kiswahili, hivyo mama humuuliza mwenyewe huku akisubiri chungu kichemke. Siwezi kusema ni yupi kati yao anayenufaika zaidi. Sanduku halina kitufe cha kudanganya, kwa sababu mama ndiye aliyeshika kadi.

Alama za Baiolojia katika jaribio la mwezi uliopita zimerudi zilipokuwa na kupanda kidogo. Za Hisabati zipo palepale.

Msikitini tumepata kompyuta moja iliyokwisha tumika, na humo tumeweka Anki ambayo humruhusu kila mwanafunzi kuwa na sehemu yake, kadi zisichanganyike. Kwa sasa hufunguliwa Jumamosi baada ya Alasiri, na wavulana ndio wanaowahi. Wasichana wameomba siku yao. Jambo hilo nimeliandika katika ajenda ya kikao cha kamati cha mwezi huu, na mama yule ameomba apewe nafasi ya kulisemea.